Nani Alimtunga Fisi?

Fisi mwenyewe ana urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mgongo umeshuka nyuma kama inavyotakiwa, fisi ni fisi. Madoadoa yake si ya kahawia bali ya zambarau. Ufizi ni wa waridi, ulimi mwekundu umening'inia upande, na tumbo limetangulia mbele kama la landilodi anayekuja kudai kodi tarehe tano. Jicho moja ni kubwa kama kifuniko cha soda. Lile la pili ni dogo, limefinywa. Anakonyeza.

Nilimkuta amewekwa juu ya sanduku jeupe, taa imemlenga, kwenye maonyesho huko upande wa pili wa mji. Watu walikuwa na glasi za mvinyo mkononi. Kila aliyefika mbele yake alicheka kwanza, akainama kumtazama kwa karibu, kisha akasema neno lile lile: "Kazuri!" Halafu akasoma maelezo ukutani. Maelezo yalikuwa na jina la mbunifu kwa herufi nzito, mwaka, vifaa vilivyotumika, na aya moja iliyosema kwamba wanyama hawa wametokana na ushirikiano na wanawake wa Eastlands.

Hiyo aya niliiandika mimi.

Mmoja wa hao wanawake wa Eastlands ni anti yangu. Fisi alizaliwa Maringo, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa karibu na mlango kwa sababu ya mwanga, na nilikuwepo siku lile jicho la pili lilipopungua. Jina la Anti sikuliandika. Niliambiwa maneno yasizidi tisini, nikahesabu, nikaona "wanawake wa Eastlands" ni maneno matatu tu na yanabeba kila mtu. Eastlands, jamani. Kutoka Kariokor hadi Kayole, kutoka Kaloleni hadi Dandora, watu wangapi hapo katikati, na mimi niliyekulia humo ndani nikawafunga wote kwenye kifurushi kimoja.

Kwa hivyo hii si tathmini ya mtu aliyesimama mbali na kazi. Lakini nataka kumtathmini fisi kwanza kama sanaa, kwa sababu tangu maonyesho yafunguliwe yote niliyosikia juu yake ni sifa za huruma: eti kina mama wamepata riziki, eti mradi umebadilisha maisha. Sawa. Nani amemtazama fisi?

Tuanzie Kariokor, ambako Anti hushinda mchana. Soko hili limerithi jina la Carrier Corps, wale wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo ni mahali pa watu wanaofanya kazi kwa mikono na migongo. Ukiingia unapokewa na harufu tatu kwa pamoja: ngozi, gundi na nyama choma. Wanaume wanakata soli. Wanawake wameketi na sinia za shanga mapajani, wanashona maua na miraba kwenye kanda za viatu. Kuna vyondo, kuna mikanda, kuna vishikilia funguo vya twiga na simba ambavyo wachuuzi wa Maasai Market huchukua kwa dazeni. Hapo hakuna anayeuliza mbunifu ni nani. Ukibuni patani mpya Jumatatu, Ijumaa utaikuta kwenye meza sita, na ukilalamika utaambiwa kwani rangi ni za mamako. Anti amelalamika sana. Pia ameiga sana, hilo analikubali akiwa na hali nzuri.

Mbunifu alimkuta hapo. Mtu mpole, alikuja na daftari, akanunua viatu kwanza kabla ya kuuliza maswali, akarudi wiki iliyofuata na michoro kumi. Na lazima nimpe haki yake: michoro ilikuwa mizuri, na wazo lilikuwa bora kuliko michoro. Alisema hataki wale wanyama watano wakubwa ambao kila mtalii hurudi nao nyumbani. Alitaka wanyama wanaoishi na sisi. Mbuzi wa Dandora anayetafuna karatasi. Panya wa Gikomba. Paka wa buchari. Wale ndege wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti karibu na Nyayo Stadium kama wazee wa mahakama. Na fisi, ambaye hatumwoni mtaani kwa macho lakini tunamjua kwa tabia, maana hapa mtaani ukimwita mtu fisi hakuna anayefikiria Masai Mara.

Hilo ni wazo la mtu anayefikiri. Nairobi imewahi kutumia wanyama kusema mambo mazito: mwaka 2012 wanasiasa walichorwa kwenye kuta za katikati ya mji wakiwa tumbusi, na Mei 2013 nguruwe wakamwagwa mbele ya Bunge, na hakuna aliyehitaji kuelezewa maana. Kabla ya hapo tulikuwa na Sungura na Fisi wa hadithi za shuleni, ambapo Fisi hula hadi anakwama mlangoni. Mbunifu aliingia kwenye mstari huo kwa makusudi, na wazo ni lake. Silitaki limwendee mtu mwingine.

Lakini wazo likiwa kwenye karatasi halina mgongo wala tumbo. Hapo ndipo kazi inapoanzia, na hapo ndipo macho ya watu wenye glasi za mvinyo yaliruka.

Fisi hutengenezwa hivi. Kwanza waya unakunjwa kuwa mifupa: mguu, mguu, uti wa mgongo, taya. Waya ukiwa mwembamba sana, mnyama analala baada ya mwezi. Ukiwa mnene sana, vidole vya fundi vinakoma kufanya kazi kabla mnyama hajakamilika. Kisha mwili unajazwa. Anti hutumia vipande vya mitumba kutoka Gikomba, fulana zaidi, kwa sababu pamba hubonyea. Juu yake kitambaa kilichobana, kisha shanga. Hazigundishwi. Zinatungwa kwenye uzi tano au sita kwa wakati mmoja, uzi unalazwa juu ya kitambaa, sindano inarudi nyuma na kuufunga, halafu tano nyingine. Mwili mzima, mstari kwa mstari. Shanga zina namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: namba 8 ni ya mwili, namba 11 ni ya mahali pa hila, yaani midomo, kope, kucha.

Sasa tazama tumbo. Mahali palipo bapa, mistari inakwenda sambamba bila shida. Tumbo likianza kuvimba, mstari wa juu na wa chini huachana, na katikati kitambaa kinaonekana kama upara. Fundi asiye na uzoefu hujaza pengo kwa ushanga mmoja mmoja wa kubahatisha, na ukimpapasa mnyama unahisi chunusi. Anti huanza kuongeza mapema, mistari miwili kabla ya uvimbe, ushanga mmoja kila baada ya saba, kisha kila baada ya tano, na upande wa pili anapunguza kwa mpango ule ule. Ndiyo sababu tumbo la fisi wake halionekani kama limejazwa. Linaonekana limeshiba. Tofauti ya hayo mawili ni hesabu, na hesabu hiyo haimo kwenye mchoro.

Jicho nalo. Mchoro ulikuwa na macho mawili sawa, makubwa, ya katuni. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka unga na tokeni ya stima, nikamkuta Anti amemaliza jicho la kwanza na amemgeuza fisi amtazame usoni. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu anashangaa nini? Fisi hashangai." Akachukua namba 11, akaanza jicho la pili dogo, kope imeshuka. Nilimwuliza kama mwenye kazi atakubali. Akajibu, "Atasema ni yeye aliliwaza."

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkali kama mhakiki. Mchoro ulikuwa na fisi anayecheka. Anti alitengeneza fisi anayejua ni kwa nini anacheka. Mzaha wote wa kazi hii, ile sababu ya watu kucheka kabla hawajasoma chochote, uko kwenye jicho moja ambalo mbunifu hakulichora. Ukilirudisha liwe kubwa kama mwenzake, unabaki na mwanasesere wa bei ghali.

Na kuna jambo lingine ambalo sikuligundua hadi nilipokuwa pale kwenye maonyesho. Mchoro ulimwonyesha fisi kwa upande wa kushoto. Ndivyo watu wanavyochora wanyama, kwa upande. Lakini fisi ana pande zote. Upande wa kulia, chini ya tumbo, nyuma ya masikio, kati ya miguu: huko kote hakukuwa na maagizo. Upande wa kushoto Anti alifuata madoadoa ya zambarau kama alivyopewa. Upande wa kulia madoadoa yanaanza vile vile begani, yanasogeleana, yanashikana, na yakifika pajani yamekuwa mistari mipana ya kijani kibichi, nyekundu na nyeusi inayozunguka mwili kama mistari ya kiondo. Mama yake Anti alikuwa akisuka vyondo Machakos. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala mwenyewe hakunitajia. Nilimwona tu akifanya. Kama nikiambiwa nichague inchi nne bora zaidi katika maonyesho yale yote, nitachagua hapo begani pa kulia, madoadoa yanapogeuka kuwa mistari na huwezi kuweka kidole ukasema imeanzia hapa.

Fisi alikuwa amewekwa upande wa kulia ukielekea ukutani.

Simlaumu aliyempanga. Alifuata mchoro.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili, na sikuwahi kukifikiria vizuri hadi fisi aliponifikisha hapo. Shanga hutungwa. Shairi hutungwa pia, na wimbo, na hadithi. Anayetunga shairi tunamwita mtunzi, tunampa kiti cha mbele. Anayetunga shanga tunamwita mama wa shanga. Ukitaka kumpandisha cheo kidogo unasema fundi. Na mtunzi, kwa bahati ya lugha, pia ni mwenye kutunza kitu kisiharibike. Nikikumbuka zile aya zangu tisini (maneno, samahani, yalionekana aya), naona nilitumia "ubunifu" mara nne na "kutunga" sikuitumia hata mara moja.

Tuna pia lile neno la wageni wa usiku ule, kazuri. Kiambishi ka- cha Nairobi kina kazi mbili: kinabembeleza na kinapunguza. Katoto, kanyumba, kachapaa. Mwaka 1975 kule Karen Lady Susan Wood alianzisha karakana ya shanga za udongo akiwa na kina mama wawili, akaiita Kazuri, na jina limekaa vizuri kwa sababu ushanga kweli ni kitu kidogo na kizuri. Lakini fisi mwenye tumbo la landilodi na jicho la kukonyeza, ukimwita kafisi kazuri, umemng'oa meno. Ndiyo hatari ya sanaa ya kuchekesha. Watu wakishacheka wanadhani wamemaliza kutazama. Na wakiona imetengenezwa na wanawake kwa sindano, kicheko kinakuwa cha kitoto zaidi, kana kwamba mzaha ulimponyoka fundi bila yeye kujua.

Kwamba ladha hutoka kwa wanaoshika shanga si jambo jipya. Karne ya 19, misafara iliyotoka Pwani kwenda bara ilibeba shanga kama tunavyobeba pesa kwenye simu. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hizo kati ya 1857 na 1859, aliandika kuhusu aina zipatazo 400, na za nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa sana. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi ilichuja kama mtindo wa nywele unavyochuja. Msafara uliobeba mzigo wa rangi iliyopitwa na wakati ulikuwa na hakika ya kulala njaa. Shanga zilitengenezwa Venice, baadaye Bohemia, na ikabidi wenye viwanda huko wafuate watu wa huku walikuwa wanataka nini mwaka huo. Mwenye tanuru alikuwa Ulaya, ila mchaguzi alikuwa huku.

Kesi inayofanana zaidi na yetu haiko Kenya. Iko Cape Town. Mwaka 2000 wafinyanzi wawili, Barbara Jackson na Shirley Fintz, pamoja na Mathapelo Ngaka, walianzisha Monkeybiz, mradi wa wanawake wa vitongoji kama Khayelitsha wanaotengeneza wanyama wa shanga, na kila mnyama hutoka na jina la aliyemtengeneza. Kisha wakaja mapacha wa Kimarekani, Simon na Nikolai Haas, wabunifu wa Los Angeles waliokwisha kupata jina kwa fanicha zenye manyoya na miguu. Wakafanya kazi na kundi la wanawake hao, wakatoa mkusanyiko walioupa jina Afreaks, ulioonyeshwa kwenye Design Indaba mwaka 2015 na mwaka uliofuata ukafika jumba la Cooper Hewitt, New York, katika maonyesho yaliyoitwa Beauty.

Nimewaona kwenye picha tu, na picha ni mchoro mwingine wa upande mmoja. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba wale ni wanyama wa ajabu. Kuna viumbe wenye pembe na ndimi nje, miguu minene, macho ya kutumbua, kuna uyoga mkubwa kuliko mtoto. Mistari ya rangi inazunguka miili kwa kufuata uvimbe na mabonde, na hapo, kwenye mabonde, unaona mikono iliyojua kuongeza mapema na kupunguza kwa mpango. Umbo linapiga kelele, shanga ndizo zinazokufanya uamini kwamba kiumbe huyu anapumua. Mapacha peke yao wangetengeneza kichekesho kikubwa, nacho kingekuwa baridi.

Lakini lile jina. Wanawake wale waliitwa Haas Sisters. Dada wa kina Haas. Najua ni utani, na najua ni utani wenye upendo, na kwenye lebo unaonekana, jambo ambalo ni zaidi ya nililofanya mimi. Bado kila nikilisoma nasikia kitu kinachokwaruza. Mama wa Khayelitsha ana ukoo wake, ana jina la babake na la mumewe, kisha anapata ukoo wa tatu kutoka kwa vijana wawili waliokulia Texas ili aingie New York. Na ni dada, wingi. Wingi ni mzuri kwa wimbo wa kanisa. Kundi haliumwi kiwiko. Kiwiko humuuma mtu mmoja, usiku, upande wa kulia.

Huku kwetu pia tuna hadithi ya namna hiyo, ingawa si ya shanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kule Kiwayu, Lamu, Julie Church, mtaalamu wa viumbe wa baharini, aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na mawimbi. Akawahimiza mama zao waziokote, wazioshe, wazikate wauze. Leo wanyama wa ndara wa Ocean Sole, wanaotengenezwa Nairobi, unawakuta kwenye hoteli na viwanja vya ndege, twiga wa rangi saba. Katika hadithi hiyo, mbunifu wa kwanza ni mtoto wa Kiwayu mwenye kisu kibutu. Ni hadithi inayosimuliwa wazi, na naipenda kwa hilo, ila hata hapo tunajua jina la aliyeona na hatujui jina la mtoto aliyekata.

Utaniambia mbona Cyrus Kabiru, aliyekulia upande huu huu wa mji na kutengeneza miwani kwa waya na vyuma chakavu, jina lake limefika dunia nzima. Limefika, na anastahili. Lakini yeye hutengeneza peke yake na huvaa kazi yake usoni akipigwa picha. Shida yetu inaanza kazi inapopita kwenye mikono miwili, mmoja umeshika kalamu na mwingine sindano.

Nilimwendea Anti na hoja hizi zote, nimejaa moto, siku tatu baada ya ufunguzi. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuomba msamaha. Alinisikiliza huku akichambua sukuma. Nilipofika kwenye jina, akanikata.

"Jina litanunua tokeni?"

Nikasema si hivyo Anti, jina ni heshima, jina ni historia.

"Uliandika maneno mangapi?"

"Tisini."

"Ukalipwa ngapi?"

Nikataka kuzungusha, lakini Anti humzungushi. Nikasema elfu tano.

Akaweka kisu chini. Fisi alimchukua siku kumi na moja, akalipwa elfu sita na mia tano, shanga alipewa lakini uzi na sindano zilikuwa zake. Hakusema chochote kuhusu hesabu hiyo. Aliifanya kichwani, niliona midomo ikitembea kama inavyotembea akihesabu mistari, kisha akacheka, kicheko kile kile nilichokiona ukutani kikiwa na ufizi wa waridi. "Wewe ndiye fisi," akasema. Akaendelea na sukuma.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na tathmini zote zinazoishia kwenye jina, hii yangu ikiwemo. Ni rahisi kudai jina, kwa sababu jina halimgharimu mwenye kulitoa. Ningeweza kuomba lebo ibadilishwe, na niliomba, na ikabadilishwa ndani ya siku moja bila ubishi: jina la Anti liko pale sasa, herufi nyembamba, chini ya jina la kwanza. Bei ya fisi kwenye orodha ilikuwa elfu themanini na tano, nayo haikubadilika, wala mgao wake. Lakini pia siwezi kukubaliana na Anti moja kwa moja kwamba ni suala la pesa tu. Nilimwona akikaa kimya mbele ya jicho la kwanza. Hakuna aliyekuwa akimlipa kwa ile dakika. Angeweza kulitunga jicho la pili kama lilivyochorwa, alale mapema. Na upande wa kulia, nani alimlipa kwa upande wa kulia?

Jumapili ya mwisho ya maonyesho nilimpeleka. Alitoka kanisani moja kwa moja, kilemba cha samawati, viatu vyake mwenyewe vya Kariokor. Tulishuka mjini kwa matatu ya Jogoo Road, tukapanda nyingine. Mlangoni hawakutuuliza kitu. Ndani kulikuwa na watu wachache, na soja mmoja aliyesimama pembeni, kijana wa Kayole kumbe, maana walimalizana na Anti kwa swali moja tu la stage ya kushukia.

Anti hakusoma ukuta. Nilimwonyesha jina lake, akasema "ehe", akapita. Alimtazama mbuzi, akasema shingo imekaza, huyo ni wa mama fulani, huwa anavuta uzi akiwa na hasira. Alimtazama ndege mwenye upara akampongeza aliyetengeneza magoti. Kwa fisi alisimama kidogo tu mbele, kisha akaanza kujipenyeza kati ya sanduku na ukuta. Nafasi ilikuwa ndogo. Kilemba kikagusa rangi nyeupe. Soja akapiga hatua moja, akamwangalia, akasimama.

Alikaa huko nyuma muda. Mimi nilikuwa naona uso wake tu juu ya mgongo wa fisi, na jicho dogo likinikonyeza upande wangu. Kisha akainama, karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa wamemwangusha."

Kwenye paja, mahali mistari ya kijani inapoanza, uzi ulikuwa umechomoka na shanga tatu zimelegea. Anti alipeleka mkono kwenye ukosi wa gauni, mahali anapochomeka sindano siku zote, hata za kanisa. Ilikuwa na uzi tayari. Soja akageuka kutazama dirisha.